Njia fupi ya ugumu wa kati: breki zimalizike kabla ya kona

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyezoea njia rahisi anaweza kuingia na baiskeli ya milimani kwenye njia ya kilomita 3 yenye alama ya mraba wa buluu, na kama ufupi wake una faida. Ingia. Mimi nilianzia njia ya namna hiyo hiyo, na ilinifundisha kuliko safari zote ndefu nilizowahi kwenda.

Kwa mfumo wa Marekani, duara la kijani ni rahisi, mraba wa buluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ngumu. Kwenye ya kati tegemea upana wa sentimita 60 hivi, mwinuko wa wastani usiozidi asilimia 10, na vikwazo visivyokwepeka vya kimo cha hadi sentimita 20. Sentimita 20 ukizisikia unaona si kitu. Zikutane na wewe katikati ya mteremko ndipo utazijua.

Kwenye njia yangu kulikuwa na kona ya kushoto mwisho wa mteremko, na mizizi mitatu imeikatiza kimshazari. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Niliingia na mwendo mkali, nikashtuka, nikabana breki ya mbele gurudumu likiwa juu ya mzizi wa pili. Tairi likachomoka pembeni, nikaangukia bega. Tairi huwa na kiasi chake cha kushika ardhi: ukikimaliza kwa kufunga breki, cha kukatia kona hakibaki. Na mzizi uliolowa hauna hata hicho kidogo.

Hapo ndipo ufupi unapokusaidia, maana kilomita 3 unazirudia mara nne asubuhi moja. Nilirudi pale kwa miguu, nikaisoma kona yote, nikachagua kisiki kilichokuwa hatua kama kumi kabla ya mzizi wa kwanza. Kupunguza mwendo kuishe kisikini, kisha vidole viachie breki. Mzunguko wa pili nilipita polepole sana. Wa tatu, mguu haukugusa chini. Wa nne nilitoka konani na mwendo wa kunipandisha kilima cha mbele bila kuhangaika, na raha yake naikumbuka hadi leo.

Kwenye mteremko shusha kiti, simama juu ya pedali zikiwa usawa ili ya chini isigonge mawe, viwiko na magoti yakunje, uzito uwe miguuni. Kidole kimoja kwa kila breki kinatosha. Macho yatangulie pale unapotaka kutokea; ukilikodolea jiwe, utalifuata. Gia nyepesi iweke kabla mlima haujaanza, wakati mnyororo haujaelemewa.

Upepo wa tairi punguza kidogo kuliko wa lami, kwa sababu tairi gumu linadundadunda juu ya mawe. Usizidishe lakini: likiwa laini mno, tyubu inabanwa kati ya ringi na jiwe, unakuta matundu mawili yamekaa sambamba. Beba tyubu ya akiba na pampu.

Mzunguko wa kwanza uwe wa kukagua tu. Kila unapopatilia shaka, shuka uangalie, ila simama nje ya njia, anayeteremka nyuma yako akiwa konani hakuoni.