Maswali ya moyo: "Nina moyo" si jina la ugonjwa

Nina moyo. Naruhusiwa kucheza mpira wa maveterani Jumapili? (Chumbageni)

Moyo upi? Kila wiki nalia na hili. Mishipa iliyoziba, valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, msuli uliotanuka: kila kimoja kina masharti yake. Niandikie jina lililoko kwenye cheti. Kwa sasa kaa jukwaani Mkwakwani.

Nilipata shambulio la moyo mwaka jana, nikaambiwa nipumzike. Mwanangu anasema miongozo ya Ulaya inataka mazoezi. Nimsikilize nani? (Mama, Ngamiani)

Shikamoo mama. Msikilize mwanao, ila nusu. Mapumziko ni ya siku za mwanzo tu. Mapitio ya 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalijumlisha majaribio 85 yenye wagonjwa zaidi ya 23,000 wa mishipa ya moyo: waliopewa mazoezi walipungukiwa na mashambulio mapya na kulazwa. Lakini hao hawakugombea kombe. Wengi walitembea na kuendesha baiskeli kwa kipimo, wakiangaliwa. Mwongozo wa Ulaya wa 2020 unaposema dakika 150 za mazoezi kwa wiki, una ushahidi nyuma yake. Ukifika kwenye michezo ya ushindani, sehemu kubwa ni maafikiano ya wataalamu, na wenyewe wameweka pembeni herufi C, alama ya ushahidi wa ngazi ya chini. Vijana wanaonitumia picha za miongozo huikata herufi hiyo. Wewe mama, muone daktari akupime, kisha anza kutembea asubuhi.

Eriksen, yule mchezaji wa Denmark, anacheza na kifaa cha kushtua moyo kifuani. Mimi je? (Makorora)

Alianguka Copenhagen Juni 2021. Italia hawakumruhusu kucheza na kifaa, akaondoka Inter. 2022 akarudi uwanjani Uingereza na Brentford. Moyo uleule, nchi mbili, majibu mawili. Utafiti wa 2013 uliwafuatilia wanamichezo 372 wenye vifaa hivyo: hakuna aliyekufa mchezoni, ingawa wapo waliopigwa shoti wakicheza. Ila uliza kwanza: chako kinapiga shoti, au kinasukuma mapigo yaliyozubaa? Watu wanavichanganya kila siku.

Nikifanya mazoezi, nihesabu kikomo cha mapigo kwa 220 kutoa umri? (Mabawa)

Ukiwa unameza atenolol au bisoprolol, dawa zinazopunguza kasi ya mapigo, hesabu hiyo itupe. Kipimo chako mazoezini: uweze kuongea, ushindwe kuimba.

Kitunguu saumu kinazibua mishipa? (Wengi mno)

Kitie kwenye mchuzi. Na nyie mnaomeza dawa za kukojoza halafu mnakimbia Raskazone saa saba mchana wakati wa kaskazi, acheni. Maji yakiisha mwilini presha inashuka, na mtu anaanguka.