Asha ni jina la Kihindi au letu? Hao mama wawili wote wako sahihi

Mkuu, umeuliza nani mkweli: mama mkwe wako, Mgujarati, anayesema Asha ni Kisanskriti, au mama yako anayeshikilia kuwa ni jina letu tangu enzi za mabibi. Hakuna aliyekosea. Hayo ni majina mawili yaliyofanana sura, hayana undugu wowote.

Mimi hili nililijua utotoni, Tanga. Ukuta kwa ukuta na sisi waliishi Wagujarati wenye duka la vitambaa, binti yao akiitwa Asha. Dada yangu naye Asha. Wakaitana somo, na kashata wakawa wanakula mkono mmoja. Siku moja mama wa yule binti akamuuliza mama, "Hili jina letu nyinyi mmelipata wapi?" Mama akaangua kicheko: "Lenu?"

La kwao, आशा, maana yake ni tumaini. Si neno la vitabuni tu; Kihindi na Kigujarati wanalitumia kila siku, na ukilitangulizia *nir* unapata *nirasha*, kukata tamaa. A zote mbili ni ndefu, ndiyo maana wengine wanaandika Aasha. Mwimbaji Asha Bhosle, mzaliwa wa 1933, analo hilo.

La kwetu ni Aisha, jina la mkewe Mtume Muhammad (S.A.W.), kwa Kiarabu "aliye hai". Mzizi wake ndio uliotupa *kuishi* na *maisha*. Pwani tukalifupisha likawa Asha, tukaongeza na Mwanaasha. Kwa hiyo ukimwita binti yako Asha, upande mmoja wa ukoo utasikia uhai na mwingine tumaini. Sioni hasara iko wapi.

Ila jihadhari na orodha za majina mtandaoni zinazosema Asha ya Kisanskriti ni "ukweli". Hiyo ni *asha* ya Kiavesta, lugha ya maandiko ya Uzoroasta, dini ya Waparsi. Ndugu yake katika Kisanskriti ni *rita*, mpangilio wa haki wa ulimwengu, wala si *asha* ya tumaini. Nimeona watu wakichanganya zote tatu kwenye mstari mmoja!

Mama mkwe akikudai saa kamili aliyozaliwa mtoto, usishangae. Familia nyingi za Kihindu hutazama mwezi ulikuwa kwenye nyota gani, kisha nyota hiyo ndiyo inayotoa herufi ya kwanza ya jina. A, L na I ni za Mesha, yaani Punda. Herufi ikitoka nyingine, wapo wanaoishikilia herufi hiyohiyo na wapo wanaoipuuza. Majirani zetu walipuuza.

Na kuna jambo ambalo huenda mama mkwe hajakutajia. Kwa Wagujarati anayetoa jina ni *fui*, dada wa baba. Kwa jirani zetu ilikuwa siku ya sita: mtoto alilazwa kwenye kitambaa, watoto wakashika pembe nne wakimbembeza, wanaimba *oli jholi pipal paan*, halafu fui akatamka jina. Sasa baba wa mtoto ni wewe. Kwa hiyo, kwa mila ya mama mkwe mwenyewe, wa kutamka jina ni dada yako. Mpigie simu mapema, na zawadi aandae, maana fui haendi mikono mitupu.