Uzamivu wa taaluma za utamaduni: anza na andiko la utafiti

Ndugu yangu, umeuliza kama uzamili wako wa isimu utakufungulia mlango wa uzamivu wa taaluma za utamaduni. Ndiyo, fani hii, inayochunguza jinsi watu wanavyouishi utamaduni wao na kuupa maana, hupokea watu wa isimu, fasihi, historia, hata sosholojia. Kinachopimwa zaidi ni andiko lako la utafiti, yaani maelezo ya utafiti unaotaka kuufanya. Langu la kwanza lilirudishwa: niliandika "athari za utandawazi kwa vijana", mada pana kama bahari. Nilipoibana hadi jinsi vijana wanavyochagua picha za kujitambulisha mtandaoni, msimamizi alinijibu wiki ileile.

Kwa hiyo mtafute msimamizi kabla ya kujaza fomu. Soma makala zake mbili tatu, kisha mwandikie.

Angalia na mfumo. Uingereza kwa kawaida unaanza utafiti moja kwa moja, miaka 3 hadi 4, kisha unaitetea tasnifu mbele ya watahini. Marekani kuna masomo ya darasani na mitihani kwanza, mara nyingi miaka 5 au zaidi.

Ukihoji watu, pata kibali cha maadili ya utafiti kutoka chuoni kabla ya mahojiano ya kwanza. Na usisaini mkopo wowote kabla chuo hakijakuthibitishia ufadhili kwa maandishi.