UTI inayorudi kila mara: majibu kuhusu maji, kranberi na makopo ya virutubisho

Maswali ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, yamenijazia kikapu, na mengi yanauliza jambo moja: nile nini, au ninunue nini, ili isirudi? Nimechagua sita. Mawili nimeyafupisha kwa sababu yalikuwa marefu kuliko safu yenyewe.

Dokta, nina miaka 29. Ndani ya mwaka huu nimetibiwa UTI mara nne. Nikimaliza dozi napata nafuu, wiki chache baadaye mkojo unaanza kuchoma tena. Kuna chakula natakiwa kuacha?

Kabla ya chakula nikuulize: katika hizo mara nne, mkojo wako ulioteshwa maabara mara ngapi? Kile kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kinadokeza tu. Kuotesha ndiko kunakomtaja bakteria na dawa inayommudu. Nauliza kwa sababu wanawake wengi wanaoniandikia "UTI sugu" wana pia muwasho na uchafu ukeni, na hapo huenda tatizo ni fangasi au ugonjwa wa zinaa. Kila dozi ya antibiotiki humwongezea fangasi nafasi, kwa hiyo mtu anazunguka palepale.

Tuseme vipimo vimethibitisha. UTI huhesabiwa kuwa ya kujirudia ikifika mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 ndani ya miezi 12. Wewe umeshavuka.

Chakula cha kuacha, kwa kweli, hakipo. Kahawa, pombe na pilipili vinaweza kukikera kibofu kilichokwisha kuvimba, ukahisi kuchomwa zaidi, lakini havileti bakteria. Mhusika mkuu ni E. koli, anayeishi kwenye utumbo mkubwa bila kumdhuru mtu. Ubaya unaanza anapohamia kwenye mrija wa mkojo, na mrija wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu.

Cha kuongeza ndicho kipo: maji. Matokeo ya utafiti mmoja yaliyotoka mwaka 2018 yaliwahusu wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa kama wewe, na wote walikuwa wakinywa chini ya lita 1.5 kwa siku. Nusu yao waliongeza lita 1.5 za maji kila siku kwa mwaka mzima. Hao waliugua kwa wastani mara 1.7, wenzao mara 3.2. Karibu nusu imepungua, kwa maji matupu! Ila soma vizuri: walikuwa wanywaji hafifu. Kama wewe tayari unakunywa lita tatu, usitegemee kwamba ya nne itakufanyia muujiza. Na mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kiwango cha maji asiongeze bila kumuuliza daktari wake.

Najua pia wengi hawanywi maji kwa sababu wanaviogopa vyoo vya kazini. Wanabana mkojo kuanzia asubuhi hadi jioni. Maji husaidia kwa kuwa yanakupeleka chooni mara kwa mara, bakteria wakasombwa kabla hawajajishikiza. Ukinywa kisha ukabana, umefanya nusu ya kazi.

Jingine si la chakula, lakini sitalipita: kama mnatumia kondomu au jeli yenye dawa ya kuua mbegu za kiume, badilisheni. Dawa hiyo huua pia bakteria walinzi wa uke, na E. koli hupata mlango wazi.

Juisi ya kranberi inafanya kazi au ni biashara?

Vyote viwili. Kranberi ni tunda dogo jekundu, kali kwa uchachu, asili yake Amerika ya Kaskazini. Ndani yake mna kemikali ziitwazo proantosianidini, ambazo humzuia E. koli kujinatisha kwenye ukuta wa kibofu. Hazimuui.

Wanasayansi wenyewe wamewahi kugeuza kauli. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2012 yalisema faida haionekani. Yaliporudiwa mwaka 2023, yakiwa na tafiti 50, yalikuta kwamba kwa wanawake wenye UTI ya kujirudia hatari inapungua kwa takriban robo, na watoto nao wananufaika. Kwa wajawazito na kwa wazee wanaoishi kwenye nyumba za kulelea, faida haikuonekana.

Robo si haba, lakini si kinga kamili. Nikichagua, nachukua vidonge kuliko juisi, maana juisi nyingi ni sukari na maji yenye rangi. Kwenye lebo usivutiwe na "miligramu 500 za kranberi". Tafuta kiasi cha proantosianidini. Kilichopimwa mara nyingi ni miligramu 36 kwa siku. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee na daktari kwanza, na aliyewahi kupata mawe ya figo vilevile. Tena ni ya kuzuia. UTI ikishaingia, kranberi haiitibu.

Rafiki yangu ananiuzia unga wa D-manosi, anasema ni bora kuliko antibiotiki. Na vitamini C je?

D-manosi ni aina ya sukari ambayo E. koli huing'ang'ania badala ya kung'ang'ania kibofu, halafu inatoka naye kwenye mkojo. Hoja tamu, na tafiti za mwanzo, ndogo na zenye kasoro, ziliipigia debe. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza: wanawake 598, gramu 2 kila siku kwa miezi sita, nusu yao wakipewa unga wa kuigiza bila kujua. Waliorudi kwa daktari wakiwa na dalili ni asilimia 51 kwa D-manosi na karibu 56 kwa unga wa kuigiza, tofauti ambayo bahati tu inaweza kuileta. Mwambie rafiki yako asante.

Vitamini C ushahidi wake ni dhaifu. Ile ya kwenye matunda kula tu, lakini ukizidisha gramu 2 kwa siku kwa vidonge unajitafutia kuhara, na mawe ya figo pia.

Nina miaka 63. Sikuwahi kuugua UTI ujanani, sasa ni kila baada ya miezi miwili. Binti yangu ameniletea vidonge vya probayotiki na ananihimiza nile mtindi.

Shikamoo mama. Binti ana nia njema na mtindi ni chakula kizuri, lakini bakteria wa kumeza hawajathibitika kuwa kinga ya kutegemewa.

Tatizo lako huenda linaanzia kwenye homoni. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka, ukuta wa uke hukonda, na laktobasili, wale bakteria walinzi waliokuwa wakilinda mlango, hupungua. Estrojeni ya kupaka ukeni huwarudisha. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1993 kwa wanawake 93 waliokoma hedhi, waliopaka waliugua kwa wastani mara 0.5 kwa mwaka. Waliopaka krimu isiyo na dawa, mara 5.9. Hakuna kopo la virutubisho lililowahi kunionyesha tofauti ya namna hiyo, nami hushangaa kwamba akina mama wengi hawajawahi kutajiwa krimu hii. Mwulize daktari wako, na kama uliwahi kuugua saratani ya matiti mweleze mapema. Pima sukari pia, na uhakikishe kibofu kinaisha mkojo wote.

Sina dalili yoyote, lakini kila nikipima wanakuta bakteria na napewa dawa. Nitawamaliza lini?

Pengine hawahitaji kumalizwa. Bakteria kwenye mkojo bila dalili kwa kawaida hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito au mtu anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Ukiwafukuza bila sababu unawafundisha wenzao usugu. Usipime mkojo ukiwa mzima.

Nina mimba ya miezi mitano. Tangu jana nina homa, natetemeka, na ubavu mmoja wa mgongo unauma. Naweza kujaribu maji mengi na kranberi kwanza?

Hapana, dada. Hiyo inaweza kuwa imefika kwenye figo, na kwa mjamzito haingoji. Nenda hospitali leo, hata kama ni usiku.