Kuchagua mwenza mwenyewe halafu bado unadaiwa mahari: nadharia imefeli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa 3, risachi yangu ni vijana wa Dar wanaoishi pamoja bila ndoa. Supavaiza kaniambia nitumie nadharia ya ubinafsishaji ya wanasosholojia Beck na Giddens, ila niliowahoji karibu wote bado wanatuma hela nyumbani na wanajichanga walipe mahari. Nadharia imefeli au sijaielewa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hilo neno ubinafsishaji liondoe, kwetu hilo ni kuuza mashirika ya umma, na ukiweka ubinafsi ndo utaharibu kabisa maana Beck hakusema watu wamekuwa wachoyo. Mi huwa naandika individualaizesheni tu afu naeleza, yaani mtu mmoja mmoja kulazimika kujiamulia maisha yake.

Beck alikuwa anaiangalia Ujerumani Magharibi, kitabu chake ni cha 1986. Hoja yake ni kwamba kule ajira, elimu na mafao ya serikali vinamshika mtu mmoja mmoja, mshahara kwa jina lako, pensheni kwa jina lako, kwa hiyo utake usitake inabidi uamue mwenyewe uoe lini, uzae au usizae, uhame au ubaki. Kuchagua ni lazima, sio starehe. Giddens mwaka 1992 akasogea mbele zaidi, kwamba uhusiano wa sasa unadumu pale tu kila mmoja anaporidhika nao.

Sasa rudi kwa watu wako. Huyo wa bodaboda au mama lishe mafao yake yako wapi? Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, imebeba hasa walioajiriwa rasmi, huyu akilazwa anapigiwa simu mjomba, kikao kinakaa, hela inachangwa. Ameshachagua mwenza bila kumuuliza mtu, sawa, lakini bima yake ni ukoo, na hawezi kuukata ukoo ambao ndo utamzika. Hapo ndo penye risachi yako, wala usiombe radhi kwa data yako!

Ungeongeza watafiti Finch na Mason (1993), walihoji watu eneo la Manchester wakakuta hata Waingereza hawana sheria moja ya nani amsaidie nani, wajibu unajengeka taratibu kwa mazungumzo ya miaka, na kuna sababu za kutosaidia ambazo ndugu wanazikubali na nyingine wanazikataa. Hiyo inakaa vizuri sana kwetu.

Na serikali usiisahau, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema mkithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi mkaonekana kwa watu kama mume na mke, mnadhaniwa mmeoana mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo hata huko "kuishi tu" kuna sheria chumbani.

Nenda kawahoji tena, waulize barua ya posa iliandikwa na nani, mshenga alitoka upande gani, na mwezi ambao hela ya nyumbani haikutumwa nani alipiga simu wa kwanza.