Mwiba wa sato umetoka, mbona mkono bado hauna nguvu?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpaa samaki hapa Mwaloni, Kirumba. Juzi nikiwa napaa sato wa mteja, pezi la mgongoni lilinichoma kidole gumba. Mkono uliruka wenyewe. Kwanza nilisikia mchomo mkali, halafu kidole kikawa kinawaka. Nilitoa mwiba, nikaosha, maumivu yakaisha upesi tu. Ila niliposhika kisu tena, vidole vilikuwa vilegevu na samaki akawa ananiponyoka. Baadaye nguvu zilirudi zenyewe. Mama mkwe anasema sumu ya samaki imeingia kwenye mishipa ya fahamu na siku moja nitapooza. Mkono huu ndio unaotulisha mimi na wanangu. Je, ubongo wangu umeharibika?
Mpaa samaki, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili ya ubongo kuharibika. Mpe mama mkwe salamu zangu, umwambie kwa heshima kwamba mwiba wa sato hauna sumu. Unachoweza kuingiza ni uchafu na vijidudu, na hilo nitalirudia.

Mkono wako uliporuka, ubongo ulikuwa bado hata haujapata habari. Taarifa ya mchomo ilifika kwenye uti wa mgongo, na huko huko misuli ikaamriwa kuvuta mkono. Ule mchomo mkali wa kwanza ulipita kwenye nyuzi za fahamu zinazokwenda mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Kule kuwaka kulikuja nyuma kwa nyuzi nyembamba zaidi, ambazo mwendo wake hauzidi mita 2 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ulisikia maumivu mawili kutoka kwenye mwiba mmoja.

Sasa ule ulegevu. Juu ya ubongo, upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, kuna sehemu inayotuma amri kwa misuli ya mkono. Tangu mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake walipotengeneza mashine yao huko Sheffield, Uingereza, watafiti wanaweza kuigusa sehemu hiyo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu, bila kupasua, kisha wakapima msuli umeitikia kwa kiasi gani. Mwaka 2001 watafiti wa Italia na Denmark waliwadunga watu wazima wenye afya maji ya chumvi kali kwenye msuli, yanayouma kwa muda mfupi na hayaachi kilema. Walipowapima, misuli iliitikia kidogo kuliko kawaida. Na jambo linalokuhusu wewe hasa: hali hiyo iliendelea hata baada ya maumivu kuisha. Wengine wamepata matokeo kama hayo kwa kupaka ngozi kile kinachofanya pilipili iwashe.

Kwa hiyo amri ya ubongo haikukatika. Ilipunguzwa, kama mvuvi anavyopunguza mwanga wa karabai bila kuizima. Naamini mwili hufanya hivyo ili kiungo kilichoumia kisitumike kwa nguvu kabla ya kujulikana kilichotokea. Hofu nayo huchangia: mtu aliyechomwa hushika kitu kwa mashaka.

Ninachokuomba usipuuze ni ule muda ambao maumivu yameisha na nguvu hazijarudi. Kisu cha kupaa samaki ni kikali na sato anateleza. Mpe mwenzako samaki huyo amalizie, wewe pokea hela au panga mzigo. Fungua na ufunge ngumi taratibu, gusisha kidole gumba na kila kidole kingine, na ukiona unashika vizuri, endelea na kazi.

Upande wa pili nao una hatari yake. Nimewatibu wabeba magunia ya dagaa waliochomwa na msumari unyayoni. Kidonda kilipona zamani, lakini bado wanakanyaga kwa ukingo wa mguu, na sasa wanalalamika nyonga na kiuno. Ubongo ulijifunza kuukwepa mguu, na hakuna aliyeurudisha kwenye mwendo wake. Hao ndio wanaoniumiza moyo, kwa sababu wangekuja mapema kazi ingekuwa ndogo. Wewe usianze kupaa samaki kwa vidole vinne. Kidonda kikipona, gumba nalo lirudi kazini.

Nenda hospitali bila kusubiri kama kidole kitavimba na kuwa chekundu, kitashindwa kukunjwa au kunyooshwa, kitabaki na ganzi, au ukipata homa. Na mkono ukilegea ghafla bila kuchomwa na kitu, mdomo ukaenda upande au maneno yakawa mazito, hicho chaweza kuwa kiharusi. Ukimbizwe saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Jambo la mwisho ni sindano ya pepopunda. Umezaa, kwa hiyo huenda ulichomwa ukiwa mjamzito. Tafuta kadi yako ya kliniki, uende nayo zahanati waone kama unahitaji nyingine. Nenda hata kama kidonda kimeshafunga.