Re: Paka aliyebaki hataki kula tangu mwenzake afe
Pole sana dada. Unasema tangu mmoja afe Jumapili huyu aliyebaki analia tu mlangoni na omena (dagaa) hagusi. Kwanza fungua mdomo uangalie fizi, zikiwa za njano usingoje, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo, maana paka akikaa siku 2 au 3 bila kula ini linaweza kuharibika. Wangu hapa Nyalenda alikuwa hivyo hivyo paka mwenzake Chapo alipokufa, nikachemsha omena bila chumvi nikampa supu vuguvugu kwa kidole, akalamba kidogo kidogo. Na lile gunia alilolalia Chapo sikulifua, huyu akahamia hapo, mpaka leo manyoya ya Chapo yamenasa hapo na mimi mwenyewe siwezi kuyatoa.